Swali la Nne

Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu.
Miaka ishirini na mitatu katika stoo ya michezo,
Chuo cha Isiukhu, Kakamega,
nahesabu mipira iliyorudi na isiyorudi,
jezi zilizochujuka, filimbi, koni,
nyavu zenye matundu ambayo fundi hakuyapanga.

Waliitwa watatu kuwania ukuu wa Idara.
Wa kwanza hakutokea.
Wa pili, Trufosa Ayuma, alikuja na faili kwapani.
Alijua bei ya dizeli, kwenda Eldoret na kurudi,
alijua ni masurufu yapi yamelala tangu Machi
na ni nani aliyeyalaza.
Mpira, alikiri, aliucheza darasa la sita,
golini, kwa sababu alikuwa na sweta nene.
Jopo likacheka. Sikuandika kicheko.

Wa tatu alipoingia, bawabu aliacha lango wazi
akamfuata hadi mlangoni
kama mtoto anayefuata ngoma.
Hudson Amukoya!
Nani asiyekikumbuka kichwa kile pale Bukhungu,
dakika ya themanini na tisa, mvua ikipiga mabati,
isukuti ikanyamaza kidogo,
halafu mji mzima ukaruka?
Mwenyekiti mwenyewe alisimama,
akamshika mkono kwa mikono miwili.

Mcheza kwao hutuzwa. Sawa.
Lakini hutuzwa nini?
Kombe, fahali, jina kwenye kibao cha barabara,
au na funguo za kabati pia,
na sahihi ya hundi,
na mabinti kumi na wanane wa voliboli
wanaosubiri basi lililolipiwa lisilokuja?

Swali la kwanza: bajeti. Alihesabu kwa vidole.
La pili: zabuni. Akatabasamu,
tabasamu lile lile la gazetini mwaka ule.
La tatu: karo za wanamichezo, nani alipiwe, kwa kigezo gani.
Akasema angeuliza.
Nikaandika: "Mwaniaji angeuliza."
Kalamu yangu ilikuwa imeshamwacha;
moyoni nilikuwa namkabidhi Trufosa stoo.

La nne lilikuwa la adabu tu, la kumsindikiza mgeni:
"Una nini wewe ambacho wengine hawana?"
Tukakaa vizuri kulingoja bao la Bukhungu.

Hakulitaja.
Alikunja suruali, mguu wa kulia,
akatuonyesha kovu, refu, lenye meno kama zipu.
"Nilianguka hapa hapa, uwanja wenu wa chini,
wiki tatu baada ya bao lile.
Hospitali ikataka fomu ya bima ya chuo.
Mwenzangu alikuja mbio ofisini, siku tatu mfululizo.
Akaambiwa mwenye funguo yuko mazishini.
Goti halikungoja matanga yaishe.
Zabuni sizijui, wazee wangu. Nitafundishwa.
Lakini mkinipa kiti kile,
fomu ile haitafungiwa tena."

Mvua ya saa tisa ikaanza. Hakuna aliyekohoa.
Hakunitazama. Sijui kama anajua.

Shangazi yangu tulimzika Shinyalu, Alhamisi ya wiki ile.
Nilipokuwa nikipanga viti vya waombolezaji
funguo zilikuwa zikilia mfukoni mwa koti langu,
nami nikadhani ni sauti ya cheo.

Nikaandika: "Mwaniaji alijibu swali la nne."

Jioni nilivuta droo ya tatu.
Zilikuwepo. Kitita kizima, tupu,
kingo zimeguguniwa na mende,
mpira wa kufungia umeyeyuka na kuganda kwenye karatasi.

Matokeo yatabandikwa Ijumaa.
Ukiniuliza mimi, bado nasema Trufosa:
gari haliendi Eldoret kwa kovu.
Halafu usiku nageuka upande wa pili
na kusema: ni nani kati yetu, wenye vyeti na faili,
aliyewahi kuiulizia fomu ile?

Leo asubuhi nimechongesha ufunguo wa pili sokoni,
shilingi mia na hamsini, bila risiti,
mimi, niliyewafukuza watu kwa kukosa risiti,
nikautundika kwenye msumari, peupe,
chini ya picha ya bao.